Baba Aliyekuwa Mzito

Kabla hamjatundika kibao nje ya mlango, vijana, nijibuni swali moja: mgonjwa wenu wa leo asubuhi alikuwa mwanamume au mwanamke?

Mnacheka. Hata mimi ningecheka. Nina shahada ya chuo kikuu, nina cheti cha tiba asilia chenye muhuri mwekundu, na kwa miaka mingi nilikuwa na koti jeupe lililopigwa pasi kila Jumapili. Swali hilo nililikosa. Nililikosa mchana kweupe, nikiwa kwenye kiti cha kuzunguka, kalamu mkononi, na aliyeumia kwa kukosa kwangu hakuwa mimi. Miaka imepita, nimeacha kazi, nywele zimeanza kuniaga, na bado nikilikumbuka jambo lile nashtuka kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Mmeniomba niandike kidogo juu ya maadili ya kazi yetu sisi tunaosema tunamtibu mtu mzima mzima, mwili wake na chakula chake na usingizi wake na hofu zake. Kanuni zilizochapishwa mnazo, kurasa nyingi, na ni nzuri, zisomeni. Mimi nitawasimulia nilizozivunja. Ndizo ninazozijua vizuri.

Nianze na kibao chenyewe. Chumba changu kilikuwa ghorofani katika mji wa Kisii, juu ya duka la vitambaa la Mama Zuhra, Mwislamu wa mjini ambaye babu yake aliuza vitambaa mtaa uleule kabla barabara haijatiwa lami. Siku fundi alipomaliza kupiga misumari, Mama Zuhra alitoka dukani na mkasi wake, akakisoma kibao kwa sauti: DAKTARI BINGWA WA TIBA UNGANISHI.

"Bingwa," alisema. "Umemshinda nani?"

 Chuo kikuu nilisoma sosholojia. Tiba nilijifunza nusu kwa bibi mmoja wa Keumbu na nusu kwenye kozi ya wiki nane, na wiki mbili kati ya hizo mwalimu alikuwa na msiba. Lakini rangi ilikuwa imeshakauka. Chini ya cheo hicho niliorodhesha presha, sukari, viungo, tumbo, mkojo na ndoto mbaya, kisha nikaongeza "na mengineyo", kwa ajili ya magonjwa ambayo sayansi ilikuwa bado haijayagundua.

Ndani, ukutani, nilibandika karatasi: TUNAHUDUMIA KWA KISWAHILI NA KIINGEREZA. Hiyo ndiyo iliyotupeleka pabaya, kwa hiyo niwaeleze ilitoka wapi. Mimi ni Mgusii wa kuzaliwa na kulelewa. Nililia kwa Ekegusii, nikachapwa kwa Ekegusii. Lakini nilipovaa lile koti, lugha ya nyumbani iliona haya, au tuseme mimi niliiona haya. Niliona Ekegusii ni cha sokoni na cha kuita ng'ombe. Mtaalamu huongea kitabu. Mama Zuhra, ambaye Kiswahili ni cha kwao, alikuwa akinisikiliza ngazini na kusema, "Kiswahili chako leo kimevaa tai."

Makosa madogo nilifanya mengi, na mengine hata leo naweza kuyacheka. Kuna mzee mmoja wa kanisa, wa kule kilimani Nyanchwa, nilimtibu kidonda cha mguu kikapona vizuri sana. Nilifurahi mno, nikapiga picha ya mguu, nikaweka mtandaoni ile ya kabla na ile ya baada. Jina sikuandika. Sura sikuonyesha. Nilijiona mtu wa siri kabisa. Siku ya pili mzee alipanda ngazi zangu, kofia mkononi.

"Daktari, uliuliza huu mguu kama unataka kuonekana?"

"Mzee, hakuna anayejua ni wako."

"Hili kovu nililipata kwa jembe mbele ya watu kumi na wawili. Kanisa zima linanisalimia mguu. Mke wa mchungaji ameuliza unaendeleaje. Hakuuliza mimi naendeleaje."

Niliifuta picha palepale. Tangu siku hiyo nikajua kwamba mwili wa mtu hauhitaji jina ili utambulikane. Lakini mzee alipona, nasi tulisalimiana hadi alipohama. Hayo ndiyo makosa mazuri. Mwenzenu akikosea hivyo, chekeni naye.

Yule bibi wa Keumbu aliyenifundisha miti aliitwa Moraa, nami nilimwita Magokoro, yaani nyanya. Msinielewe vibaya, hakuwa malaika. Alinusa ugoro akiwa anachanganya dawa, na ukimwambia anawe mikono alikuuliza kama umekuja kumtibu yeye. Lakini alikuwa na tabia moja iliyonikera tangu siku ya kwanza. Mnajua huku kwetu mgonjwa halazimiki kusafiri, hutumwa mtu. Mke hutumwa kwa ajili ya mume, mtoto kwa ajili ya nyanya, jirani kwa ajili ya jirani, na dawa hubebwa hadi nyumbani. Magokoro hakumpa dawa mtu aliyetumwa. Hata mara moja.

"Nimekuja kwa ajili ya mguu wa shangazi," mtu angesema.

"Mguu wenyewe uko wapi?"

"Uko nyumbani, Magokoro. Hawezi kutembea."

"Basi mimi naweza. Ngoja nifunge mlango."

Na kweli angefunga mlango na kwenda, kwa fimbo, hata mvua ikinyesha. Akifika alikuwa anabonyeza ugoko kwa kidole gumba, anahesabu polepole, anaachilia, anatazama kama shimo limebaki. Anafunua kope. Anauliza mtu amekula nini jana na nani amepika. Mimi, msomi, niliona ni kupoteza siku. Nikajiambia nitakapofungua chumba changu nitafanya kisasa: nitakuwa na fomu. Aliyetumwa atajibu maswali ya fomu, nami nitatibu fomu. Hata kwa simu nilitibu. Nilijivunia sana mfumo huo. Niliueleza kwenye semina moja, na watu wakapiga makofi. Mungu atusamehe sote, mimi na waliopiga makofi.

Sasa njooni Jumatatu moja asubuhi.

Aliingia mwanamke wa miaka ishirini na kitu aitwaye Kwamboka. Alikuwa anauza ndizi na parachichi Keumbu, lakini kwao alikozaliwa ni Ikonge, kwenye chai, upande wa Nyamira. Alinisalimia asubuhi njema kwa Ekegusii, "Bwakire," nami badala ya kuitikia nikaielekeza kalamu kwenye karatasi ya ukutani. Aliisoma. Akahamia Kiswahili, akilitazama kila neno kabla ya kulikanyaga.

"Nimekuja juu ya baba. Miguu yake imefura mpaka hapa." Alionyesha chini ya goti.

Nilivuta fomu. Kwenye kisanduku cha jinsia nikatia alama, Mwanamume. Kalamu haikusita hata kidogo.

"Umri?"

"Ni mtu mzima tu."

Nikaandika: sitini na zaidi.

"Mkojo?"

"Unatoka kidogo. Na rangi ni kama chai isiyo na maziwa."

Nikatikisa kichwa kwa hekima. Mwanamume, sitini na zaidi, mkojo kidogo: tezi dume. Ningeweza kuifunga fomu hapo.

"Kichwa?"

"Kinamgonga sana. Na anasema anaona vitu vinametameta machoni."

"Umri huo macho huchoka. Lingine?"

Aliinamisha uso. Sauti ikashuka. "Halafu, daktari, ni mzito."

"Tangu lini?"

"Inaenda miezi saba."

Fomu ile ninayo mpaka leo, kwa hiyo nawanukulia mwandiko wangu mwenyewe: *Uzito umeongezeka kwa muda wa miezi saba. Apunguze ugali.*

Nilimpa chupa ya dawa ya mkojo, mchanganyiko wangu wa vitu vitatu. Juu yake nikaandika "Baba" kwa herufi nzuri. Kisha nikatoa maagizo, na hapa nawaomba msikilize kila neno, kwa sababu nilijivunia kila neno.

"Mwambie asihangaike. Asitembee. Ainue miguu juu ya mto, anywe kikombe asubuhi na jioni, kisha uniletee habari baada ya siku saba."

"Asiende hospitali?"

"Hospitali watamchosha bure. Siku saba."

Alinishukuru kwa mikono miwili.

Ijumaa alirudi, kabla ya siku zangu saba kuisha. Nilikasirika kidogo, nitasema kweli. Nilikuwa napanga chupa kwenye rafu na sikugeuka.

"Daktari, baba anasema mtoto ameacha kucheza."

"Mtoto gani?"

"Huyu wake wa mwisho."

"Ana homa?"

"Sijui, daktari."

"Basi mlete hapa nimwone." Nilisema hivyo kwa fahari, kwani kwa mara ya kwanza mwezi ule nilikuwa nimetaka kumwona mgonjwa kwa macho.

Niligeuka nimpe saa ya kumleta. Kwamboka alikuwa ananitazama kama mtu anayejiuliza aliyekaa mbele yake ana akili timamu.

"Nimlete aje," alisema, "na bado hajazaliwa?"

Nitawaeleza kilichotokea kichwani mwangu, kwa wale ambao hawakuzaliwa huku. Katika Ekegusii, baba ni mama. Mzazi wa kiume tunamwita tata. Mama mzazi, aliyekubeba tumboni, ni baba. Si neno la wazee wala la watani. Ndilo neno la kwanza tunalolijifunza. Mama yangu mwenyewe nilimwita baba hadi siku nilipotia udongo juu ya jeneza lake. Na Kiswahili chetu kizuri hakimtofautishi mwanamume na mwanamke ukisema anaumwa, amefura, hatembei. Kwa hiyo tulizungumza mimi na Kwamboka kutoka mwanzo wa fomu hadi mwisho wake, yeye akimsema mwanamke, mimi nikimtibu mwanamume, na hakuna kiambishi hata kimoja kilichoinua mkono kupinga.

Na mzito? Mzito ni mja mzito. Hata mtoto wa darasa la nne anajua. Alishusha sauti kwa sababu ilikuwa aibu kwake, binti mwenye watoto wake wawili, kutaja kwamba mama yake aliyekaribia arobaini na tano amepata mimba tena. Aliniambia. Aliniambia na miezi akaitaja. Mimi nikamwandikia apunguze ugali.

"Kwamboka," nilisema, na sauti ilinitoka kwa Ekegusii bila ruhusa yangu, "baba anaitwa nani?"

"Kerubo."

Jina la mwanamke. Siku nne fomu yangu ilikuwa mezani, na mahali pa jina la mgonjwa paliandikwa "Baba Kwamboka".

"Piga simu nyumbani. Mwambie tata ampeleke baba hospitali sasa hivi. Si kesho. Sasa."

Miguu iliyofura, mkojo haba, kichwa kugonga, vitu vya kumetameta machoni: nilikuwa nimesoma hayo kwenye kozi yangu ya wiki nane. Yalikuwa kwenye ukurasa wenye mstari mwekundu pembeni. Presha ya ujauzito. Mama wa namna hiyo hangoji siku saba. Hangoji hata moja.

Niliteremka ngazi koti likipepea, Kwamboka nyuma yangu. Mama Zuhra alitoa kichwa dukani.

"Kunaungua?"

"Baba yake ana mimba!"

Aliangua kicheko, mkasi ukamtoka mkononi. Kisha akamwona Kwamboka. Kicheko kilikatika katikati. Hakuuliza swali la pili. "Nendeni," alisema, "mlango nitaufunga mimi."

Tulipanda pikipiki, watatu pamoja na dereva. Kerubo alikuwa amefikishwa hospitali moja ya upande ule, ambayo sitaitaja jina kwa sababu haikukosa lolote. Mumewe alikuwa ameomba gari la jirani lililokuwa linabeba majani ya chai. Nilimwona mgonjwa wangu kwa mara ya kwanza akiwa kwenye kitanda cha magurudumu. Mwanamke mfupi, uso umevimba mpaka macho yamekuwa mistari. Hakunijua. Mbona angenijua?

Daktari wa zamu alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa binti yangu. Alifunga kile kifaa cha presha mara mbili, kana kwamba hakuamini mara ya kwanza.

"Amefura tangu lini?"

"Wiki iliyopita," alisema Kwamboka.

"Na mlikuwa wapi?"

Kwamboka alinigeukia. Si kwa hasira. Laiti ingekuwa hasira. Aligeuka kama mtu anayemwachia msomi nafasi aeleze kwa niaba yake.

"Na wewe ni nani wa mgonjwa?" daktari akaniuliza.

Vijana, koti langu nilikuwa nimelivua na kulikunja kwapani, nje ikionekana bitana. Nikasema:

"Jirani."

Bingwa wa tiba unganishi. Jirani. Hata leo neno hilo likitajwa kwenye mazungumzo ya kawaida, nahisi masikio yakipata moto.

"Amekunywa dawa yoyote? Ya duka, ya miti shamba, yoyote?"

Kwamboka alinitazama tena. Mimi nilisoma bango la ukutani la kunawa mikono. Nililisoma lote, hatua zote. Kisha nikatoka kwenda kwenye veranda, nikasimama karibu na bomba.

Sitawadanganya kwamba nilikuwa nawaza juu ya Kerubo. Nilikuwa nawaza kibao. Nilikuwa nawaza ile semina na makofi yake. Nilikuwa nawaza kwamba chupa haina jina langu, ina neno "Baba" tu, na kwamba Kwamboka ni mtu wa heshima, nikimkonyeza atanyamaza. Nilikaa pale kwa muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai ya moto. Kama mnataka kujua mtu anayeyaandika haya ni mtu wa namna gani, mpimeni kwa kikombe hicho. Kilichonirudisha ndani si ujasiri. Nilimsikia daktari kupitia dirishani akimwuliza nesi, "Tumpe nini, na hatujui ana nini ndani yake?" Sauti yake ilikuwa na hofu. Nilishtuka kwamba daktari wa kweli anaogopa, nami sijawahi kuogopa.

Nikaingia. "Mimi si jirani," nilisema. "Mimi ndiye niliyempa dawa."

Nilitarajia kelele. Alinipa karatasi. "Andika. Kila kitu kilichomo, na kiasi."

Niliandika cha kwanza, mzizi, jina lake na kipimo. Nikaandika cha pili. Cha tatu kalamu ikasimama. Cha tatu kilikuwa unga wa kijivu niliokuwa nanunua umeshasagwa kwa mtu fulani sokoni. Alikuwa anaufunga kwenye gazeti na kuuita "kamanda".

"Huu unga ni wa nini?"

"Unaongeza nguvu ya dawa."

"Nauliza ni nini."

"Sijui."

Aliinua macho. "Unampa mtu kitu usichokijua?" Hakuuliza kwa kunisuta. Aliuliza kama mtu ambaye kweli hajawahi kufikiria kwamba jambo kama hilo linawezekana na anataka kuelewa linafanyikaje. Nilisema ndiyo. 

Walimpasua jioni ileile. Kerubo alipona. Mtoto, wa kiume, alitolewa akiwa ameshakufa.

Hapo ndipo ucheshi wangu huishia kila ninapoisimulia habari hii, na sitajaribu kuurudisha.

Nilipomwendea Magokoro Moraa kumweleza, nilimsimulia yote, baba na mzito na unga, nikidhani atashangazwa na maneno kama nilivyoshangaa mimi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Ulimshika mguu?"

"Hapana, Magokoro."

"Basi usiniambie habari za maneno."

Yule mtu wa unga naye nilimfuata. Nilimuuliza kamanda ni nini. Aliniambia ni siri ya kazi. Nikamwambia mtu alikuwa katika hatari na daktari alitaka kujua. Akasema, kwa upole kabisa, "Kwani ulipokuwa unanunua uliuliza?" Mpaka leo sijui kilichokuwemo ndani ya unga ule. Niliwauzia watu wangapi? Niliwapa mama wangapi kwa jina la baba, na baba wangapi? Nilifunga chumba miezi kadhaa. Nilipofungua tena, kibao kilisema jina langu tu na "tiba asilia". Mama Zuhra alikisoma akasema, "Sasa umeshindwa. Afadhali." Karatasi ya lugha niliing'oa, na rangi ya ukuta ikang'oka nayo.

Mbinu zilizofuata mtazikuta pia kwenye kanuni zenu, lakini niwape jinsi nilivyozifanya kwa mikono. Sikumtibu tena mtu nisiyemwona. Akitumwa mtu, nilimfuata mgonjwa nyumbani au nilimwandikia barua aende hospitali. Nilimbonyeza kila mtu ugoko, hata aliyekuja na kikohozi, kwa kidole gumba na hesabu ya polepole. Nilinunua kipimo cha presha na nikajifunza kukitumia kwa nesi mstaafu, ambaye alinicheka wiki nzima. Kila mwanamke nilimuuliza aliona lini siku zake mara ya mwisho, mlango ukiwa nusu wazi na ndugu yake karibu, kwa lugha anayoitumia akiwa jikoni kwake. Maneno ya mgonjwa niliyaandika kama alivyoyatamka, si kama nilivyoyaelewa. Chini yake ndipo niliandika ninavyodhani. Niliuliza dawa za hospitali anazokunywa, nikataka kuona pakiti zenyewe. Na sikuweka kwenye chupa kitu ambacho sikukichimba au kukisaga mimi. Wateja walipungua. Semina hazikuniita tena. Niliendelea hivyo mpaka nilipostaafu, na siku nyingi zilikuwa za kawaida tu: tumbo, viungo, usingizi.

Lakini kuna jambo nimelichelewesha, na ndilo nililotaka kuwaandikia.

Wiki tatu baada ya hospitali nilikwenda Ikonge. Nilitaka kumwona Kerubo nimweleze kwa kinywa changu, kwa sababu nilijua Kwamboka hakuwa amewaeleza, alikuwa ananistahi. Nilipoingia uani, mumewe, mtu mpole mwenye mikono iliyopakwa utomvu wa majani ya chai, alinishika mkono asiuachie.

"Ndiye huyu," aliwaambia waliokuwepo. "Ndiye aliyekimbia na sisi. Kama si yeye kupiga kelele siku ile, leo ningekuwa na makaburi mawili."

Pembeni mwa kiti nilichopewa kulikuwa na jogoo amefungwa miguu. Alikuwa wangu. Walikuwa wamenitayarishia shukrani. Nimewahi kutukanwa, nimewahi kufukuzwa. Hakuna kitu kilichonitisha kama yule jogoo.

Nilisimama. Nilisema yote kwa Ekegusii, lugha ambayo haikunipa pa kujificha. Nilisema kwamba nilidhani ni mwanamume. Nilisema Kwamboka aliniambia ni mzito nami sikusikia. Nilisema habari ya unga, na ya "jirani". Mume alitazama chini. Kwamboka alitazama ukuta. Mtu mmoja alitaka kucheka kwa ile habari ya baba, kisha akaacha. Nilisema kwamba huenda dawa yangu ndiyo iliyomuua mtoto.

"Dawa yako sikuinywa," alisema Kerubo.

Alikuwa ameketi karibu na mlango, shuka begani. Uvimbe ulikuwa umekwisha na nilikuwa nauona uso wake kwa mara ya kwanza. Alikuwa na uso mwembamba.

"Ilinuka vibaya. Nilionja, nikaimwaga kwenye migomba."

Lazima niwaambie nilichohisi, maana niliahidi kuwasimulia kanuni nilizozivunja. Nilifurahi. Ndani ya nyumba ya mama aliyefiwa, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilijiambia: basi si mimi. Nadhani hata nilipumua kwa sauti.

Aliniona nikipumua. Alingoja nimalize.

"Lakini Jumatatu ile nilikuwa nimeshavaa niende kliniki," alisema. "Viatu vyangu vilikataa kuingia, nikavaa vya huyu mzee." Akamwonyesha mumewe kwa kidevu. "Nimefika hapo kizingitini, Kwamboka akaja na maneno yako. Kwamba daktari amesema nisitembee. Kwamba siku saba."

Hakupandisha sauti.

"Nikavivua," alisema, "nikavirudisha chini ya kitanda."